Mstari wa Mia Mbili na Tatu

Siku waliyonipa cheo walinipa na kiti,
chenye mgongo mrefu na magurudumu yasiyolia.
Kile cha zamani kililia kama bata,
ghorofa nzima ilijua ninapofikiri.

Hapa Brno tunatengeneza darubini
za kuona kilicho kidogo kuliko vumbi la vumbi.
Miaka kumi na mmoja kazi yangu ilikuwa moja:
kuutuliza mwale usitetemeke.
Niliubembeleza, niliukemea,
nikazijua tabia zake kama mama ajuavyo
kikohozi cha kweli na kikohozi cha kukwepa shule.

Kisha Dalimil wa ghorofa ya tano akaniita,
akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe.
Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.
"Bohdana," akasema, "wewe ndiye ujuaye kuliko wote."
Basi nikaondolewa pale palipohitaji kujua.

Sasa asubuhi yangu ni kalenda,
vikao vimejengwa kama matofali,
hakuna hata ufa wa kupenyeza kipande cha mkate.
Nasaini likizo. Nasaini viti.
Napatanisha wawili wanaogombania dirisha:
huyu anaungua, yule anaganda, dirisha ni lile lile.
Jioni mume wangu huuliza, "Leo umeunda nini?"
Nimezungumza.
Nimezungumza mpaka ulimi umeota sugu
iliyokuwa zamani kwenye ncha za vidole.

Wahenga walisema cheo ni dhamana.
Hawakusema ni nini kinachowekwa rehani.

Mwezi wa pili picha zikaanza kutikisika.
Mtikisiko, kisha utulivu, kisha tena.
Kijana wangu Vojmír alikesha siku tatu.
Alibadilisha waya, akabadilisha pampu,
akaishuku programu, akaishuku sakafu,
mwisho akajishuku mwenyewe.
Nilisimama nyuma yake na kikombe changu.
Nilijua.

Ni tramu, inapokata kona chini ya kilima.
Mstari wa mia mbili na tatu niliuandika mimi:
mwale usubiri sekunde saba, tramu ipite.
Lakini wameleta tramu mpya, ndefu, nzito,
na sekunde saba hazitoshi.

Maneno yalinifika menoni,
nikayameza na kahawa.
Si ukatili. Mimi nani alinifundisha? Usiku.
Lakini pia, niseme kweli,
nilitaka anihitaji. Ageuke mara moja tu, aniulize.
Hakugeuka.

Alhamisi, saa tisa alasiri, akapiga meza: "Tramu!"
Akacheka peke yake kama mwehu,
nami nikacheka, nikijifanya ni habari mpya.
Hakuongeza sekunde. Aliufuta mstari wangu wote,
akatega sikio dogo chini ya mguu wa mashine,
likausikia mtetemo ungali mbali,
wa tramu, wa lori, wa mlango uliobamizwa,
na mwale ukajishika wenyewe.
Ni bora kuliko kazi yangu. Bora mara kumi.
Nikataka kuingia nikaisome kwa karibu;
mfumo ukanijibu kwa adabu zote: huna ruhusa,
hujabisha hodi siku mia moja na themanini.

Jana Dalimil ameleta fomu.
Idara inakua, anatakiwa meneja mwingine,
kisanduku kimoja, jina moja.
Mkono ukaandika Vojmír kabla sijaamua,
maana ndiye ajuaye kuliko wote.
Nikafuta.
Nikaandika tena, nikafuta tena.
Ni huruma hii, au ni choyo?

Kule chini tramu ikakata kona,
kijiko kikagonga kisahani.
Nyuma ya kioo Vojmír hakuinua hata kichwa;
alijinyoosha tu, akafikiri,
na kiti changu cha zamani kikalia kama bata.

Fomu inatakiwa Ijumaa.